Fuga, na Treni Niliyosema Imejaa

Wenzangu wa chumba cha kusomea cha Kamalondo, mmeniuliza kwa mdomo, mmeniuliza kwa barua, na juzi mmemtuma mke wangu aniulize mezani: ulikuwa wapi siku zile zote, uliziona kweli zile jeti kwa karibu, na mchoro uko wapi? Niliwajibu kwa maneno mawili matatu kwa sababu nilikuwa na hasira. Hasira bado ninayo. Lakini nikinyamaza mtajitungia wenyewe safari nzuri kuliko ile niliyoifanya, maana nawajua. Kwa hiyo naandika hatua kwa hatua. Mambo ya tikiti na vibali nayaacha. Kila mtu wa mji huu anajua karatasi zilivyotutesa.

Kazi yangu mnaijua, lakini barua hii itasomwa na wengine, basi naieleza. Mimi ni mnakili wa michoro katika karakana ya reli. Injinia akichora, natandika juu ya mchoro wake kitambaa cha kunakilia na kuufuata kwa wino mweusi, mstari kwa mstari. Kitambaa hicho ni pamba laini sana iliyopakwa wanga na kung'arishwa mpaka unaona upande wa pili kama kwenye kioo chenye ukungu. Adui yake ni maji. Tone moja la jasho likianguka, wanga unayeyuka na kazi ya wiki imeharibika. Vipande vilivyoharibika tunaruhusiwa kuvichukua nyumbani, na mama yangu huviloweka, huvisugua wanga wote ukatoka, kisha hushona leso na kofia za watoto wachanga. Hakuna duka mjini linalouza kitambaa laini kama kile.

Shule niliacha darasa la sita kwa mapadre. Mengine nilijifundisha mwenyewe kwa magazeti ya Kifaransa yaliyotupwa na mabwana, na katika yote niliyojifunza, ndege za jeti ndizo zilizonishika. Ninyi ndio mlionisimamisha mbele ya ubao kila Jumapili mchana niwaeleze mabawa yaliyonyooka na mabawa yaliyolazwa nyuma. Ninyi pia mlicheka mliposikia kwamba siku Fuga ilipopita juu ya paa zetu mara ya kwanza, wake zetu wakiwa chini ya meza, mimi nilipanda juu ya banda la jiko ili niione vizuri. Fuga, kwa asiyejua, ni jeti ndogo ya viti viwili ambayo Katanga ilikuwa nayo wakati wa kujitenga na Kongo. Nilikuwa nimeichora juu ya kitambaa cha kunakilia, kipande kizuri kisicho na doa, upana wa meza. Kilichobaki ni mkia na tumbo, ambavyo sikuwahi kuviona kwa karibu. Mimi sichori nisichokiona.

Lubumbashi hadi Lufira

Sikuondoka kwenda kutazama ndege. Nilitumwa na mama.

Dada yangu mdogo, Filomena, alikuwa Kolwezi na mimba ya kwanza, mwezi wa nane. Mume wake, dereva, alikuwa amekwenda na lori upande wa Angola na habari zake zilikuwa zimekatika. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mwanamke. Mama alishapaka chokaa chumba cha nyuma, alishanunua beseni, na uvumi wa vita ulipozidi aliniambia nimlete Filomena kabla reli haijakatwa. Alisema ananituma mimi, si binamu zangu, kwa sababu mimi najua saa za treni.

Nilichukua begi moja na mkebe wangu mrefu wa bati wenye mchoro ndani. Msiniulize kwa nini niliuchukua. Jibu mtaliona.

Treni ilitoka mjini vizuri, ikafika karibu na daraja la Lufira, ikasimama. Ilisimama kuanzia saa tatu asubuhi hadi jua linazama. Hakuna aliyetueleza kitu. Wanawake waliteremka wakawasha moto kando ya reli, na bibi mmoja aliyeketi mbele yangu akanigawia bukari, ugali wetu, na makayabu, samaki wa chumvi, bila kuniuliza jina. Majandarme, askari wa Katanga waliolinda daraja, walipita behewa kwa behewa. Aliyefika kwetu alikuwa kijana mnene mwenye sauti ya upole, na upole huo ulinitisha kuliko ukali.

"Papa, mule mu kopo muko nini?"

Nikamwambia ni mchoro.

"Fungula tuone."

Nilifungua nikamkunjulia. Aliutazama kitambo, akaita wenzake, na uso wake ukawa wa mtoto. "Njo Fuga yetu iyi," alisema. "Weye njo uliichora?" Nilikubali. Waliushika kwa vidole vyenye mafuta ya samaki na mimi nikawa nahesabu madoa. Kisha akauliza bendera iko wapi. Nilimjibu kwamba sikuiona kwenye ndege, kwa hiyo sikuiweka.

"Uliona mubaya, papa. Fuga bila drapo ni ya bantu gani? Chora misalaba. Tatu. Ku mukia."

Misalaba ya shaba ya bendera ya Katanga mnaikumbuka, mitatu. Nilimweleza kwamba wino wangu uko ndani ya begi, kwamba mkia wenyewe haujakamilika, kwamba mchoro wa kweli hauongezwi kitu cha kubuni. Alinipa kalamu yake ya mfukoni, ile ya zambarau ya makarani ambayo ikilowa haifutiki tena. Watu wa behewa walikuwa wakinitazama. Bibi wa bukari aliniambia kwa sauti ndogo, "Chora, baba, tuende." Nikachora misalaba mitatu pale ambapo mkia ungekuwa. Nilikandamiza kalamu kwa hasira, na msalaba mmoja ukakaa upande. Kijana alinipigia saluti. Baada ya hapo hawakupekua mzigo wa mtu yeyote, na treni ikaruhusiwa kupita.

Abiria walinishukuru. Mimi nilikaa hadi Likasi nikiwaza jinsi ya kuifuta misalaba ile.

Likasi

Tulilala kituoni, juu ya mizigo. Asubuhi tulikaa hadi adhuhuri tukingoja kichwa cha treni kilichokuwa kimechukuliwa na majandarme kwa shughuli zao. Nilinunua masuku kwa mwanamke mwenye beseni kichwani, matunda mazuri, yameiva hadi ngozi inapasuka, nikala mpaka tumbo likalalamika. Karani wa kituo hicho, mwanamume mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alifahamu kwamba mimi ni mtu wa karakana, akaniita ofisini nikanywe chai. Alinipa ratiba mpya ameiandika mwenyewe kwa mkono: treni za kutoka Kolwezi kuja huku zitakuwa moja kila siku ya pili, alfajiri. Niliinakili kwenye daftari langu. Kumbukeni karani huyu.

Kolwezi

Nilimkuta Filomena katika nyumba yao ya kambi ya wafanyakazi, ameketi juu ya valizi, sanduku lake la safari. Vyungu alikuwa amevifunga ndani ya kitenge. Alikuwa amenenepa usoni na miguu imevimba.

"Yaya, ulichelewa."

Yaya kwetu ni kaka mkubwa. Nilimweleza habari za Lufira. Hakuuliza zaidi. Aliuliza tu kama treni ipo kesho. Nilimwambia ipo, alfajiri, nikamwonyesha daftari, naye akalala akiwa na raha.

Jioni hiyo alikuja jirani, Silveni, mtu wa umri wangu aliyekuwa akiosha na kupaka mafuta magari katika uwanja wa ndege. Tulikula naye sombe, mboga ya majani ya muhogo. Aliona mkebe, akataka kujua, nikaukunjua mchoro, naye akaucheka mkia wangu usiokuwepo.

"Fuga? Iko pale inalala chini ya matawi," alisema. "Haiendake tena, injini moja ilikufa. Lakini kama unataka kuiona, njoo kesho. Mulinzi ni shemeji yangu."

Nilimuuliza kama usiku huu haiwezekani. Hapana, shemeji yake alikuwa zamu kesho tu.

Ninayoandika sasa sikuwahi kumwambia mke wangu, na sasa atayasoma hapa. Nilikaa nje ya mlango labda robo saa. Nilipiga hesabu kama ninavyopiga kazini. Treni ya kesho, au treni ya siku ya tatu. Mimba ya miezi minane. Reli bado nzima. Siku mbili si kitu, nikajiambia, na Fuga sitaiona tena maishani mwangu. Niliingia ndani nikamwamsha Filomena nikamwambia nimekutana na mtu wa kituo, treni ya kesho imejaa, tutachukua inayofuata.

"Kama weye unasema imejaa, basi imejaa," alisema. Akafungua kitenge akatoa chungu kimoja cha kupikia uji asubuhi.

Uwanja wa ndege

Silveni aliniingiza kupitia upande wa nyasi ndefu. Kulikuwa na mzee akifyeka, akatuomba kiberiti, nikampa chote. Ndege kadhaa za pangaboi zilikuwa zimepangwa wazi kando ya barabara ya kurukia. Fuga ilikuwa mbali kidogo, chini ya miti, imefunikwa wavu na matawi yaliyoanza kukauka.

Silveni aliinua wavu upande mmoja.

Nimejaribu mara nyingi kuandika kipande hiki kwa hasira na sikuweza, kwa hiyo nakiandika kama kilivyokuwa. Mgongo wake ulianza puani, ukapanda taratibu hadi kwenye kioo cha rubani, ukashuka hadi mwisho bila kosa hata moja. Ningeweza kuufuata kwa kalamu bila kuinua mkono. Mabawa yalikuwa marefu na membamba kuliko nilivyoyachora. Midomo ya injini ilikuwa imelala ubavuni, imebanwa na mwili kana kwamba mtu ameibonyeza kwa viganja kabla chuma hakijapoa. Na mkia: hauna bawa la kusimama kama ndege nyingine, una vipande viwili tu vilivyofunguka kwenda juu kama miguu ya bikari iliyogeuzwa. Nilimaliza mkia. Nilimaliza tumbo. Ile misalaba ya zambarau ilikuwa imeangukia nje kabisa ya mkia wa kweli, hewani. Kwenye ndege yenyewe, mahali ambapo jandarme aliitaka, hapakuwa na kitu. Nilifurahi kwamba nilikuwa sahihi. Naandika hilo pia.

Nilikuwa nikikausha wino kwa pumzi niliposikia mlio. Nilidhani ni radi, kwani mawingu yalikuwapo. Zilitokea juu ya miti, mbili, kisha nyingine mbili, chini sana. Nilizitambua mara moja: zile jeti za askari wa kofia za samawati, wa Umoja wa Mataifa, zenye mwili mnene kama pipa na pua iliyo wazi kama mdomo wa kambale. Niliwahi kuwaambia, ubaoni, kwamba ni ndege zenye sura mbaya. Nilikosea. Mchoro hauonyeshi. Zikiwa hewani, mabawa yamelazwa nyuma, zikigeuka pamoja bila moja kuachana na mwenzake hata kidogo, ule unene unageuka kuwa nguvu, na jicho haliwezi kuondoka.

Silveni alinivuta mguu. "Lala, papa. Lala chini."

Sikulala. Nilisimama. Nilikuwa nahesabu mizinga chini ya pua, nikaona ni minne, nikaona moshi mfupi ukitoka, na bado nikawa natazama jinsi ya kwanza inavyopanda baada ya kupita. Matangi ya mafuta yakalipuka. Ndege za pangaboi zikawaka moja baada ya nyingine. Zilipita tena, na tena. Mimi nilisimama nimeshika mkebe kama mtu anayengoja basi. Zilipoondoka, masikio yangu yakafunguka polepole, nikasikia watu.

Yule mzee wa kufyeka alikuwa amelala juu ya nyasi alizozikata. Kiberiti changu kilikuwa mkononi mwake. Nilikuwa nimesimama hatua zisizofika thelathini kutoka kwake na sikumwona akianguka, kwa sababu nilikuwa natazama juu.

Silveni alimfunika kwa koti lake. Kisha akanitazama, si kwa ubaya. "Sasa umeiona," alisema. Alinirudisha hadi nyumbani, akaingia kwake akafunga mlango.

Nina hasira na wale marubani waliotoka nchi za baridi, ambao sidhani kama mmoja wao angeweza kusema jina la mtaa mmoja wa Kolwezi. Nina hasira na mabwana wetu wa redio waliotuambia kila jioni kwamba anga ni yetu, huku jeti yetu moja ikiwa chini ya matawi na injini iliyokufa. Lakini watu hao hawakumwambia dada yangu kwamba treni imejaa.

Juu ya chumvi

Treni ya siku ya tatu haikuja. Iliyofuata haikuja pia. Siku ya sita nilipata nafasi kwenye lori la mfanyabiashara mmoja lililobeba magunia ya chumvi kwenda Likasi. Dereva, Kazadi, mtani mkubwa, alimkalisha Filomena mbele, mimi juu ya magunia na watu wengine tisa.

Njia ambayo lori huimaliza kwa siku moja tuliimaliza kwa siku tatu. Matope yalitushika mara nne. Katika kila kizuizi tuliteremka, tukapanga foleni, tukaulizwa tunatoka wapi na majandarme waliokuwa wamelewa na ambao wenyewe hawakujua wanakwenda wapi. Kazadi aliwaambia wote kwamba mama aliye mbele atazaa watoto mapacha sasa hivi, na kwamba yeye hajui kuzalisha, je, wao wanajua? Walituachia upesi. Filomena alicheka mara ya kwanza tangu nimfikie.

Chakula kilikuwa sombe iliyopikwa kando ya njia, bila chumvi. Nataka mlielewe hilo. Tulikaa juu ya tani za chumvi tukala mboga chapwa siku tatu, kwa sababu magunia yalishonwa na kupigwa lakiri, na Kazadi aliapa kwamba bosi wake ataigundua hata punje moja ikipungua. Mzee mmoja alilamba gunia. Wote tulimcheka, na usiku wa pili nilililamba na mimi.

Likasi mara ya pili

Kituoni karani wa miwani ya uzi alifurahi kuniona hai. Alituletea viti viwili. Alimwangalia Filomena, akanigeukia na kuniuliza, bila nia mbaya kabisa, kwa nini tulipita kwa lori na mateso yote yale. Alisema si nilikuwa na ratiba yake? Ile treni ya alfajiri, siku ndege zilipopiga uwanja, ilifika hapa vizuri.

"Ilikuwa karibu tupu," alisema. "Batu kumi hivi. Ilipita Lufira kabla daraja halijavunjwa. Saa ile mungekuwa kwa mama yenu."

Kisha akaitwa nje. Tulibaki wawili. Filomena alikuwa akitazama sakafu ya saruji.

"Yaya. Ulisema imejaa."

"Nilisema hivyo."

"Na asubuhi ile ulikuwa wapi?"

Alikuwa anajua. Moshi wa matangi aliuona kutoka mlangoni kwake, na aliniona nikirudi na masizi shingoni. Alitaka tu niseme mwenyewe. Nikasema. Hakulia wala hakunitukana. Aliinuka, akaenda kuketi kwenye benchi la nje, na tangu hapo akiniongelesha aliniita "papa," kama unavyomwita mtu usiyemjua njiani.

Behewa

Daraja lilikuwa limevunjwa na majandarme walipokuwa wakirudi nyuma. Wafanyakazi wa reli, watu wa kazi yangu, walikubali kutusukuma kwa kiberenge chao hadi karibu na mto. Huko tukakuta kundi la watu wakingoja kuvushwa, na behewa moja la mizigo lililoachwa. Mvua ilikuwa ikinyesha, tukajikinga humo. Uchungu ulimshika Filomena adhuhuri, karibu wiki tatu kabla ya hesabu.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza uyoga kando ya njia, mwenye mikono mipana, alitupa kikapu chake kando, akanitoa nje ya behewa kwa neno moja, akaingia. Nilisimama kwenye mvua nikisikia. Mwanamume yeyote aliyesimama hivyo anajua, naye anayejua hahitaji kuelezwa.

Alizaliwa alasiri. Wa kiume, mdogo sana. Vitenge vyote vilikuwa vimelowa, na valizi ilikuwa imekaa ndani ya dimbwi. Mama wa uyoga alitoa kichwa akauliza kama kuna nguo yoyote kavu, laini. Nikasema hapana.

Kutoka ndani sauti ya Filomena ikasema, taratibu, "Papa, leta kile kitambaa."

Kilikuwa kikavu ndani ya mkebe. Kitambaa kikavu pekee katika ukingo ule wa mto, na wanga ukitoka, laini kuliko chochote. Na mkia umekamilika, na tumbo limekamilika. Mkono wangu ulikwenda kwenye kifuniko cha mkebe ukasimama. Nilisimama muda wa pumzi tatu, labda nne. Filomena alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye majani waliyomtandikia, akaniona kupitia mlango, akahesabu pumzi hizo pamoja nami.

"Papa, mutoto anasikia baridi," alisema mama wa uyoga.

Nikafungua. Mama huyo alikigusa, akasema ni kigumu kama karatasi, kitamkwaruza mtoto, kifuliwe kwanza. Mikono yake ilikuwa na kazi. Kwa hiyo nilikifua mimi, ndani ya ndoo ya maji ya mvua. Wanga uliyeyuka ukawa ute, na wino ukaondoka pamoja na wanga: mgongo, mabawa, midomo ya injini, ile bikari ya mkia. Maji yakawa meusi. Nilisugua hadi kitambaa kikawa cheupe, nikakikamua kwa nguvu zote, nikakikausha juu ya moto wa wale waliokuwa wakichoma mahindi chini ya turubai. Hapo ndipo niliona kwamba kuna kitu kimebaki. Misalaba mitatu ya zambarau, mmoja umekaa upande. Maji yalikuwa yameikoleza.

Ng'ambo

Siku ya pili askari wa kofia za samawati walituvusha kwa jukwaa la mbao lililofungwa juu ya mapipa matupu. Walikuwa Wahindi. Mmoja, mwenye ndevu zilizofungwa vizuri, alifungua mkebe wangu, akauchungulia kama darubini, akaona ni mtupu, akacheka. Kisha akamwona mtoto. Alidhani mimi ndiye baba, akanipiga bega, akanipa mkono, akatuletea chai nzito ya maziwa na mikate bapa ya moto, na kopo la maziwa ya unga. Alikuwa mtu mwema na nilimchukia bure. Filomena alikula mikate miwili. Alimwambia askari kwa Kiswahili, akijua haelewi, "Uyu haiko baba. Uyu iko muchoraji."

Gari lao lilituteremsha Kamalondo mchana, watu wote wakitazama.

Nyumbani

Mama alimchukua mtoto mikononi mwangu na kumpeleka kwenye chumba cha chokaa ambacho hakuzaliwa ndani yake. Hakuuliza kwa nini tulichelewa. Alikigeuza kile kitambaa, akakitambua mara moja kuwa ni cha kazi yangu, akauliza misalaba ni ya nini. Nilifungua mdomo.

"Yaya aliiandika mu njia," Filomena alisema. Ndiyo mara ya kwanza kuniita yaya tangu Likasi, na alisema hivyo kwa ajili ya mama, si kwa ajili yangu.

Mama amekichemsha na sabuni na majivu. Haitoki. Bendera yenye misalaba hiyo imeshushwa mji mzima, na kwetu imebaki juu ya kitambaa cha mtoto.

Sasa mmeniuliza kama zilikuwa nzuri. Zilikuwa nzuri. Ningependa kuwaandikia kwamba nilipomwona yule mzee wa kufyeka uzuri ulikwisha, lakini ningekuwa nachora nisichokiona. Nikifumba macho bado nauona ule mgeuko wa zile jeti nne pamoja, hauna kosa, na nikiuona nataka kuvunja kitu.

Magazeti yangu yako kwenye sanduku. Tumeni mtu ayachukue, na ubao mpeni mwalimu mwingine. Mimi Jumapili sitakuja. Mtoto ana kitambaa kile kimoja tu anachokubali kulala nacho, kinachafuka kila wiki, na Filomena hamruhusu mtu mwingine yeyote kukifua. Nikifika ananiwekea ndoo mlangoni, ananipa kitambaa mkononi, anaketi, ananitazama nikisugua.